Kericho: Spana Ilipotangulia Usukani

Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, barabara hupanda nyanda za Mau mpaka baridi ikakulazimisha ufunge dirisha la basi. Ukifika Mau Summit utaiacha njia iendayo Eldoret na kushika ile ya kushoto, ikupelekayo Kericho. Huko utauona mji uliozungukwa na mashamba ya chai, majani yamekatwa sawasawa kama zulia lililotandikwa juu ya vilima. Mji huo upo katika mwinuko wa mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu baada ya adhuhuri. Udongo wake ni mwekundu, nao ukilowa huteleza kama sabuni.

Wengi huuzuru mji huu kwa ajili ya chai. Lakini ikiwa nyumbani mwako yuko kijana anayeota kushiriki mbio za magari, nawe unajiuliza asomee kazi gani ili aimudu ndoto hiyo pasipo kuiletea nyumba njaa, Kericho ina la kukufundisha.

Hapa ndipo alipozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932, katika jamii ya Masingasinga ambao hekalu lao utaliona mjini hata leo. Kabla ya kujulikana kuwa Simba wa Kenya, alikuwa fundi wa magari. Alishika spana gerejini, na baadaye akafanya kazi ya doria ya barabarani, akiwasaidia watu walioharibikiwa na magari njiani. Kwa hiyo alijifunza springi hukatika mahali gani, na matope gani humeza gurudumu, huku akilipwa mshahara.

Elimu hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa kipimo kikali cha mtu na chombo chake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Joginder na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika katika mbio zilizotangulia. Mchagua jembe si mkulima. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akiendesha Mitsubishi.

Hata sisi Tanzania tulikuwa na mfano wetu. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa nchi hii na mtu wa biashara ya magari, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la aina ileile iliyokuwa ikibeba familia na abiria wa kawaida.

Basi, ndugu msomaji, ipime kazi kwa mizani mitatu: fedha, nafasi na ujuzi. Daktari au mfanyabiashara huenda akalinunua gari upesi, lakini kila nati ikilegea atamlipa mtu mwingine aikaze, na huenda asipate hata Jumamosi moja ya kufanya mazoezi. Fundi wa magari, fundi umeme au mchomelea vyuma hupata mshahara mdogo zaidi. Lakini kazi ya mikono, ambayo hula fedha nyingi katika mchezo huu, huifanya mwenyewe. Karani mwenye saa maalumu za kazi na likizo ya uhakika naye ana utajiri wake, kwani muda hauuzwi dukani.

Hata hivyo, hapana budi tuseme kweli. Mbio za ridhaa hazimlishi mtu. Yeye ndiye huzilisha. Kuna matairi, petroli, ada ya kuingia, kofia ngumu na fremu ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka. Bima ya kawaida ya gari aghalabu hailipi hasara iliyopatikana mashindanoni. Gari likivunjika Jumapili, kodi ya nyumba na ada ya shule hazitangoja. Kwa hiyo fungu la mchezo na litengwe baada ya fungu la nyumba, tena kwa kauli moja ya mume na mke, si kwa siri.

Kijana asiye na gari asikate tamaa. Na aanze katika kikosi cha mafundi wahudumiao magari njiani, au ajifunze kusoma ramani akiwa kando ya dereva. Milango hiyo haigharimu sana, nayo itamwonyesha kama anaupenda mchezo wenyewe au anapenda kelele zake tu.

Ukimsindikiza mwanao kwenda kuomba nafasi ya kujifunza kazi, usimwulize tu atalipwa kiasi gani. Mwulize pia mikono yake itajua kufanya nini ifikapo mwisho wa mwaka.