Safari ya Woking: Fedha Haiadhini



Katika likizo ya skuli ya mwezi wa Oktoba tulipanda treni katika stesheni ya Waterloo, London, sisi wazazi tisa pamoja na watoto 22 wa madrasa yetu. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 11, na mdogo miaka sita. Kila mtoto alichukua vitu viwili: kijifuko cha sarafu alizoziweka akiba mwenyewe, na jozi ya glavu.

Sarafu hazikuleta maneno. Glavu ndizo zilizotutia katika mjadala. Mama mmoja alituuliza kikaoni, mbele ya watu: "Jamani, tumevuka bahari ili wanetu waje kuokota taka za watu?" Hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tulimwomba tu afuatane nasi, naye akakubali kwa shingo upande.

Tulipokaribia Woking, mtoto aliyeketi dirishani alipaza sauti: "Kuba!" Naam, kuba la kijani lilichungulia nyuma ya miti, kandoni mwa njia ya reli. Huo ndio Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, nao ni wa kwanza katika nchi hii kujengwa tangu msingi wake uwe msikiti. Aliyeuanzisha ni Gottlieb Wilhelm Leitner, mwanachuoni wa lugha za mashariki. Mchango mkubwa wa fedha ulitoka kwa bibi mtawala wa Bhopal, Uhindi, Shah Jahan Begum, na jina lake ndilo lililobaki juu ya jengo. Si jengo kubwa, lakini lina haiba ya kumnyamazisha hata mtoto mtundu.

Baada ya sala ya adhuhuri watoto walipanga mstari wakatia sarafu zao katika sanduku la sadaka. Kisha Mwalimu akawasimulia historia. Leitner alipofariki mwaka 1899, msikiti ulifungwa, ukakaa bila ya jamaa ya kuswali kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka alipokuja mwanasheria kutoka Lahore, Khwaja Kamal-ud-Din, mwaka 1912, akafanya jitihada ukafunguliwa tena.

Binti mmoja wa miaka minane akanyosha mkono. "Mwalimu, yule bibi si alikwisha kulipa? Kwa nini basi ukafungwa?"

Mwalimu alifikiri kidogo, akamjibu: "Alilipa, mwanangu, Mola amlipe kheri. Lakini fedha haiadhini. Fedha haifagii, wala haimfungulii mtu mlango."

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hadi mbuga ya Horsell. Pembeni mwa mbuga hiyo pana ua wa matofali wenye lango la kuba, uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili wazikwe humo askari Waislamu wa jeshi la Uhindi waliofia katika nchi hii. Baadaye wakaongezwa wa vita vya pili, wakatimia 27. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mama wa karibu wa kumzuru, wala ndugu wa kupalilia kaburi lake. Waharibifu wakayachezea makaburi hayo, hata mwaka 1968 maiti wakahamishiwa makaburi ya kijeshi ya Brookwood, si mbali na hapo. Ua ukabaki mtupu miaka mingi. Mwaka 2015 ulifunguliwa upya ukiwa bustani ya amani, na ndani yake imepandwa miti 27 ya magome meupe, ambayo asili yake ni milima ya Himalaya. Kila askari ana mti wake.

Tulikuwa tumekwisha kuomba ruhusa kwa watunzaji wa mbuga. Watoto wakavaa glavu, wakagawanyika wawili wawili, wakaokota makopo, karatasi na mifuko ya plastiki kwenye njia za nje ya ua. Kazi yenyewe ilichukua saa moja tu. Ndani ya bustani hapakuwa na taka, kwa hivyo tuliwaambia wahesabu miti na kuwaombea dua wale askari. Hapo ndipo sisi wakubwa tulipoingiwa na fikra ambayo hatukuitamka mbele ya watoto. Baadhi yetu tutazikwa katika ardhi hii. Ni nani atakayetukumbuka, ikiwa wanetu hawakuzoea kuinama kwa ajili ya mtu wasiyemjua?

Wasomaji wetu mtakumbuka jinsi tulivyolelewa. Ilipokaribia magharibi katika mwezi wa Ramadhani, mtoto alikabidhiwa sahani iliyofunikwa kawa, ndani yake kaimati au muhogo wa nazi, akaambiwa: "Mpelekee bibi wa nyumba ya pili, umpe salamu, na usisimame njiani kucheza." Hatukujua kwamba hilo lilikuwa darasa. Tulijua mlango wa mjane ni upi, na tulijifunza kutoa bila ya kumwaibisha mpokeaji. Leo tunatoa sadaka kwa njia ya benki. Ni jambo jema, na inshallah linapokelewa, lakini mtoto halioni, wala mikono yake haina sehemu ndani yake. Kutoa ni moyo, nao moyo hufunzwa na mikono.

Kwa hivyo tumekubaliana kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi watoto wa madrasa watakuwa na kazi moja ya mikono: kumtembelea mzee anayeishi peke yake, kufunga vyakula vya masikini, au kusafisha mahali. Sarafu zitaendelea, ila ziwe za mtoto mwenyewe, zisiwe za mfuko wa baba. Na atakayetoa nguo au mchezo, atoe kile ambacho yeye mwenyewe angefurahi kukipokea.

Katika treni ya kurudi, yule mama mwenye swali alikuwa akimfuta mwanawe matope ya viatu. Hatukumuuliza neno. Alipomaliza aliziinua glavu za mtoto, akatutazama.

"Hizi zimempwaya," alisema. "Mwezi ujao mtafutieni ndogo."