Indiketa Peke Yake Haitoshi

Ipo kauli ambayo madereva wa Dar es Salaam hurithishana kana kwamba ni elimu: ukitaka kugeuza gari, usiwashe indiketa mapema, kwani wenzako wakishajua unakotaka kwenda watakuzibia njia. Shemeji yangu, aliyeendesha daladala kwa miaka mingi, ndiye aliyemfundisha kauli hiyo mwanangu wa kwanza, siku chache tu baada ya kijana kupata leseni. Nami sikukaa kimya. Mwaka huu wote nyumbani kwetu pamekuwa na mjadala juu ya jambo hilo, na nimeona niuandike katika ukurasa huu, kwa kuwa familia nyingi zinazousoma zina kijana aliye katika hatua hiyo hiyo, na gari moja linalobeba wanafunzi, watoto wa madrasa na wagonjwa wa ukoo mzima.

Kwanza nimtendee haki shemeji. Asemalo si uzushi. Jioni, katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo, ukiwasha indiketa ya kulia ili uhamie njia ya ndani, aghalabu aliye nyuma yako huongeza mwendo badala ya kupunguza. Ndivyo watu walivyojifunza kuificha nia. Sote tumefundishwa tangu utotoni kwamba mahali pa nia ni moyoni. Lakini huko anayeiona ni Mola peke yake. Dereva wa nyuma hana ujuzi huo, na mwenye bodaboda anayepenya kati ya magari hana kabisa.

Nilimwomba mwanangu tufanye hesabu, maana yeye hesabu anazipenda kuliko nasaha. Indiketa hutengenezwa ili ziwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, yaani mara moja au mbili kwa sekunde. Anayeiwasha ilhali mikono imekwisha kuzungusha usukani humpa mwenzake mmweko mmoja, pengine miwili. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi nchini kwetu, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Aliye nyuma huhitaji sekunde moja na ushei kuona, kuelewa na kuufikisha mguu kwenye breki. Kwa hiyo taarifa ya sekunde moja humfikia wakati haina kazi tena. Tukakubaliana juu ya sekunde tano, ambazo kwa mwendo huo ni kama mita 70 kabla ya uwazi wa kugeuzia.

Kugeuza kwenyewe nako kuna hesabu yake. Gari dogo likiwa limesimama kwenye uwazi wa katikati ya barabara, huchukua kama sekunde sita kuondoka, kuzunguka na kushika mwendo upande wa pili. Katika muda huo, gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 133, umbali unaozidi urefu wa kiwanja cha mpira. Usiku, ambapo huoni gari bali taa mbili tu, nani awezaye kukadiria mita 133? Mimi siwezi, na sioni aibu kungoja mpaka taa hizo zinipite.

Lakini lililonifanya niwe mkali katika mjadala huu si hesabu. Ni kijana wa jirani yetu, dereva wa bodaboda, ambaye kwa miaka miwili aliwapeleka wanangu wadogo madrasa na kuwarudisha. Asubuhi moja alikuwa akienda peke yake, nyuma ya gari dogo lililopunguza mwendo. Gari lile likasogea kushoto, karibu na ukingo wa lami. Akaona amepewa njia, akapita upande wa kulia. Papo hapo gari likakata kulia kwenda kwenye uwazi. Alivunjika paja. Alitiwa vyuma, akakaa nyumbani miezi minane, na mama yake, mjane, akarudi kukaanga mihogo barazani ili wadogo zake wasiache shule.

Nilikuwapo wazee walipowakutanisha. Mwenye gari alisema, “Niliwasha indiketa ya kulia.” Sote tulimgeukia kijana tukitarajia atakanusha. Akasema, “Ni kweli, mzee, niliiona. Lakini gari lako lilikuwa linakwenda kushoto.”

Wote wawili walisema kweli. Gari dogo huhitaji upana wa mita 10 au zaidi ili lizunguke mara moja bila kurudi nyuma, nalo likitoka njia ya ndani hubanwa. Hivyo madereva wamezoea kujitanua kwanza kushoto ndipo wakate kulia. Taa inasema hili, bodi la gari linasema lile, na mtu aliye juu ya pikipiki huliamini bodi, kwa sababu taa nyingi za mji huu husema uongo. Hata pikipiki zenyewe, nyingi indiketa yake haijizimi baada ya kona. Utamwona mtu anakwenda kilomita nzima inawaka bure. Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia mwanangu kwamba gari lote ni ulimi, si taa peke yake. Ukitaka kulia, kaa kulia mapema, punguza mwendo ungali umenyooka, na kama nafasi haitoshi kuzunguka mara moja, usigeuze hapo. Tena kabla ya kuzungusha usukani geuza shingo utazame nyuma ya bega la kulia, maana vioo vina mahali visipoona, na pikipiki huenea pote hapo.

Shemeji anapenda kunikumbusha lugha ya malori. Katika njia kuu za mikoani, lori likiwasha indiketa ya kulia mara nyingi huwa linamwambia aliye nyuma asipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, linamruhusu. Ni lugha ya wenyewe, nami naistahi, ila ndiyo sababu sitaki mwanangu awe na tabia ya kuwasha kushoto, kusogea pembeni, kisha kugeuza ghafla: aliye nyuma atakuwa ameambiwa apite. Akitaka kugeuza huko, atoke nje ya lami kabisa, asimame, awaache wote wapite, na isiwe kwenye kona, kileleni mwa mlima wala karibu na daraja.

Kumulika kwa taa kubwa nako kuna utata. Mmoja humulika akimaanisha “pita,” mwingine akimaanisha “usithubutu.” Na hata yule muungwana anayesimama kukupisha amesimamisha njia yake tu, kwenye njia ya pili anakuja mwingine asiyekuona, kwa kuwa gari la muungwana limekukinga. Katika Barabara ya Morogoro, ambako tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia zake katikati, anayekata kulia anaweza kukutwa na basi litokalo nyuma yake, upande ule ule anaokwenda. Pale pana taa za kuongozea magari, na taa nyekundu haibishiwi hata barabara ikionekana tupu.

Niongeze neno juu ya misafara yetu ya harusi na maziko. Wote huwasha hazadi, zile taa nne za tahadhari, toka mlangoni hadi mwisho wa safari. Katika magari mengi, hazadi zikiwaka indiketa haifanyi kazi. Basi gari la saba likitaka kugeuza kumfuata bibi harusi, halina namna ya kumwambia mtu yeyote. Naomba mabaraza ya wazee yalitazame hili.

Shemeji amekubali sehemu kubwa ya haya, isipokuwa foleni. Huko bado anawasha dakika ya mwisho, na tunaendelea kubishana. Kijana wa jirani amerejea kazini tangu mwezi wa Shaaban. Anachechemea kidogo. Gari lolote linalopunguza mwendo mbele yake, hata liwe limewasha nini, halipiti kwa kulia. Hupunguza naye, akangoja lioneshe linakokwenda. Abiria wake wanalalamika kwamba amekuwa mzito, na wawili watatu wamemhama. Wanangu wadogo bado wanapanda kwake.