Panya, Dagaa na Waya wa Mtandao

Akina mama wenzetu, mgonjwa akiletwa wodini hatuanzi na dawa. Tunapima joto, tunahesabu mapigo ya moyo, tunauliza maumivu yalianza lini. Kifaa cha nyumbani nacho chataka hivyo hivyo, hasa fundi akishasema kimekufa na inabidi kununua kingine.

Kwetu kile kisanduku kidogo kinacholeta picha za intaneti kwenye televisheni si anasa. Mama mkwe alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukabaki mzito. Anachopenda ni ngoma za Kisukuma, yale mashindano ya Bagika na Bagalu aliyoyatazama Bujora ujanani. Ngoma zikianza, vidole vya mkono ule mgonjwa hujaribu kupiga pajani. Katika mazoezi yote tuliyompa, hakuna analolifanya kwa hiari kama hilo. Chumba chake kimeegemea jabali, kama nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, na waifai inaishia ukutani. Ndiyo maana tulivuta waya kutoka kwenye ruta ya sebuleni.

Asubuhi moja, baada ya radi za usiku ambazo sisi wa kando ya Ziwa Victoria tumezizoea, televisheni ikaandika kwamba hakuna mtandao. Fundi alitazama dakika mbili, akasema tundu la waya limeungua, tutoe shilingi 150,000. Fedha zilikuwepo, ila zilikuwa za kiti cha magurudumu.

Kwanza tulitazama kwenye simu: waifai ya ruta ile ile ilileta intaneti vizuri. Swali hili lisirukwe, maana tatizo laweza kuwa mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo ungehangaika na waya wa sebuleni bure.

Kisha taa. Kando ya tundu la ruta waya unapoingia kuna taa ndogo. Isipowaka, vifaa viwili havionani kabisa, na kubonyeza rimoti hakutasaidia. Yetu haikuwaka. Baba watoto akakibeba kisanduku hadi sebuleni, akakiunganisha kwenye tundu lile lile kwa waya mwingine mfupi. Taa ikawaka papo hapo. Basi hapakuwa na kilichoungua.

Ukabaki waya mrefu. Tuliufuata kwa vidole hadi stoo, na nyuma ya gunia la dagaa tukakuta panya ameutafuna. Ndani mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, nyembamba kweli. Si za kufungwa plasta kama kidonda. Tulinunua mwingine wa mita 20 wenye vichwa tayari. Waya wa namna hii hufanya kazi hadi mita 100, kwa hiyo urefu si hoja katika nyumba zetu.

Taa ikawaka, lakini picha hazikuja! Kijana wetu wa kidato cha tatu akafungua sehemu ya mipangilio ya mtandao, akasoma anwani ya kisanduku. Ilianza na 169.254. Maana yake kisanduku hakikupewa anwani na ruta, kikajipa chenyewe. Inayotolewa na ruta za nyumbani mara nyingi huanza na 192.168. Tukazima vyote viwili, tukawasha ruta kwanza, tukangoja taa zake zitulie, ndipo tukawasha kisanduku. Anwani ikabadilika, na ngoma zikasikika.

Waya mpya tumeupitisha juu karibu na dari, na dagaa wamehamia kwenye ndoo yenye mfuniko. Radi zikinguruma ziwani, aliye macho huchomoa umeme wa ruta pamoja na waya ule, kwani radi huweza kuunguza tundu kweli. Kiti tulikinunua mwezi uliofuata. Sasa mama mkwe hutaka asogezwe karibu kabisa na televisheni, na hapo ndipo tunapobishana naye kila jioni.