Kalamu Itamlisha Nani?

Mimi ni kijana wa Konde, kaskazini ya Pemba, na hivi sasa niko Uingereza nikisomea uandishi wa habari. Ada yangu imetoka katika karafuu. Kila tuzungumzapo, baba huniuliza: "Mwanangu, hiyo kazi ukimaliza kuisomea utaikuta?" Si swali la dhihaka. Mkarafuu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na mkulima ajua uchungu wa kupalilia mti ambao huenda ukachanua siku soko limeanguka.

Hofu yake ina msingi. Gazeti la The Independent la hapa London, lililoanza 1986, liliacha kuchapwa katika karatasi mwezi Machi 2016, likabaki katika intaneti. Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1962, ilisimamishwa Machi 2025. Fedha za matangazo ya biashara, ambazo ndizo zilizokuwa zikilipa mishahara ya waandishi, zimehamia kwa makampuni ya Google na Facebook. Na sasa imekuja akili mnemba, iandikayo habari kwa muda wa kupepesa jicho.

Kwetu nako kuna mashaka ya namna nyingine. Gazeti la Dira la Zanzibar lilipigwa marufuku Novemba 2003. Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, na hakurudi nyumbani kwake. Mzazi ayajuaye hayo hawezi kulaumiwa akimtakia mwanawe kazi nyingine.

Walakini, tafakari jambo moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Maiti walioopolewa walikuwa mia mbili na kidogo. Baadaye kamati ya uchunguzi ikataja watu zaidi ya 1,500 waliokufa au kupotea. Baina ya hesabu hizo mbili, msomaji, wamo baba, mama na watoto wachanga ambao majina yao yangeweza kuzama pamoja nao. Ni nani awezaye kuwahesabu watu hao? Mashine hupanga upya yale yaliyokwisha kuandikwa mahali. Haiwezi kupiga hodi katika nyumba ya Konde, ikaketi mkekani, ikauliza kwa adabu wangapi walitoka na wangapi hawajarudi. Kazi hiyo yataka mtu, tena mtu ajuaye jinsi ya kumpa mkono wa pole mfiwa kabla ya kutoa kalamu.

Kwa hiyo mimi naamini kwamba gazeti ni chombo tu. Dau likioza, mvuvi hutafuta jingine, bahari haiachi. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi. Limekwisha, lakini haja ya kusimuliana haikwisha. Leo wilaya yetu ya Micheweni ina redio yake ya jamii, nayo husikika hata kwa asiye na bei ya gazeti.

Lakini imani haijazi chungu. Habari ya kweli ina gharama yake, na asiyetaka kuilipia ataletewa uvumi bure. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika zama hizi za simu, lisemwalo pengine halipo wala haliji.

Basi ombi langu kwenu wazazi ni dogo. Kijana wenu akisema anataka kuwa mwandishi wa habari, msimfiche hatari zake, wala msimcheke. Muulizeni kwanza kama yuko tayari kwenda kuhesabu pale ambapo wengine wamekwisha kutaja idadi. Akiitikia, mpeni baraka zenu.