Kutoka Kampemba Mpaka Golf

Sisi wakaaji wa Lubumbashi tumezoea kuyataja majina ya mitaa yetu bila kuuliza maana yake. Mtu hupanda basi, hutaja Kenya, au Katuba, au Bel-Air, au Golf, hulipa nauli yake na kwenda zake. Nasi tulifanya vivyo hivyo miaka mingi, mpaka siku moja ya mwezi wa Juni, mtoto mmoja wa darasa letu huku Kampemba alipotuuliza, “Mwalimu, huyo Golf alikuwa mtu gani?” Wenziwe walicheka, lakini tulipowauliza wao, hakuna aliyeweza kutujibu. Basi tukaona vema kwenda nao huko Jumamosi, kwa miguu, wapate kujifunza kwa macho yao.

Tuliondoka asubuhi kungali na baridi. Wasiopajua Kampemba wafahamu kwamba ni komini kubwa upande wa mashariki ya mji, yenye mtaa wa viwanda, maghala, karakana, na nyumba nyingi zilizosongamana. Vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya mabati. Tulikutana na akina mama na watoto wenye madumu ya manjano, wamepanga foleni kisimani, kwa maana mabomba ya nyumba nyingi hukauka mara kwa mara. Tukapita mahali ambapo zamani vijana walicheza mpira. Leo pamegawanywa vipande, na kuta zimesimama. Karibu na shule yetu kimesalia kiwanja kimoja tu, nacho pia tumekwisha kuona mtu akitembea na kamba ya kupimia.

Tukavuka reli, tukaingia katikati ya mji penye barabara pana na mijakaranda. Tulipita karibu na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na kwa mbali tukaona bomba la moshi na mlima mweusi wa machicha ya shaba, vitu viwili ambavyo kila mtoto wa Lubumbashi huvichora anapoambiwa achore mji wake. Ndipo tukauvuka mto Lubumbashi, tukafika Golf. Watoto walitazamia kuona uwanja mkubwa wa majani mabichi mbele yao. Waliona kwanza kuta ndefu, malango ya chuma, na majumba ya fahari yaliyojificha nyuma ya miti.

Penye lango moja alikuwako mzee mlinzi, ameketi juu ya kigoda. Tulimwamkia, “Jambo, baba,” tukamweleza haja yetu. Mzee alicheka sana, akasimama, akaigeuza bakora yake, akapiga kijiwe kwa namna ambayo hatukutazamia kwa mtu wa umri wake: mabega yakageuka polepole, kichwa hakikutikisika. Akatuambia kwamba katika ujana wake, katika mji mwingine wa Katanga, alikuwa mchukuzi wa fimbo za wachezaji.

“Tuliijua njia ya kila mpira,” alisema. “Bwana alituuliza, ‘Nipige kwa fimbo gani?’ nasi tukamchagulia. Lakini siku nilipotaka kujaribu pigo moja tu, niliambiwa kazi yangu ni kubeba.”

Mmoja wa watoto akasema, “Basi ni mchezo mbaya, babu.”

“La,” akajibu mzee. “Mchezo ni mzuri. Mwalimu, usiwafundishe kuchukia mchezo.”

Maneno hayo tuliyatafakari njia nzima ya kurudi. Yafaa tuwaeleze wasomaji wetu mchezo wenyewe. Gofu huchezwa kwa mpira mdogo usiozidi gramu 46, na kwa fimbo za namna mbalimbali. Mchezaji huupiga mpira mpaka uingie katika tundu lenye upana wa milimita 108, kisha huliendea tundu la pili, na la tatu, mpaka yatimie 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Mchezo huu ulikulia Scotland, nao ulipendwa hata mwaka 1457 bunge la nchi hiyo likaukataza, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza upinde.

Shida ya kwanza ni ardhi. Uwanja kamili wa matundu 18 hutaka hekta 50 na zaidi, yaani nafasi ya viwanja 70 vya kandanda. Shida ya pili ni maji. Katanga yetu hukaa miezi mitano au zaidi bila mvua. Siku ya Jumatatu tuliwapa watoto hesabu ubaoni: Mtu ana hekta 20 za majani, naye azinywesha milimita 5 za maji kila siku ya kiangazi, je, atatumia madumu mangapi ya lita 20? Walihesabu mara mbili, wakidhani wamekosea. Jibu ni madumu 50,000 kwa siku moja. Darasa likanyamaza. Wengi wao walikuwa wamebeba dumu asubuhi ile ile. Tena majani hayo hutaka mbolea na dawa za kuua wadudu na magugu, na mvua ikinyesha, dawa zaweza kuteremka mtoni wanakofulia watu.

Lakini tusiseme upande mmoja tu. Katika mji unaokua upesi, uwanja wa gofu waweza kuokoa miti ambayo ingekwisha kuwa makala, na kunywesha udongo mvua ambayo juu ya saruji ingekuwa mafuriko. Viwanja vingine siku hizi hunyweshwa maji yaliyokwisha kutumika na kusafishwa. Wala si majani yote yanayodai kutunzwa kama mwana wa mfalme. Hapa hapa Lubumbashi, moshi wa tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 uliua mimea mpaka ardhi ikawa tupu, kama ilivyokuwa huko Penga Penga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walijaribu kupanda pale majani ya kienyeji yanayovumilia udongo wenye shaba, ili yafunike ardhi na kuzuia vumbi lenye sumu. Majani ya namna hiyo hayamnyang’anyi mtu maji, yamsaidia.

Shida ya tatu ndiyo ile ya mzee wetu: nani aruhusiwa kuingia? Wakati wa ukoloni, hapa Élisabethville, kati ya mji wa Wazungu na Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, paliachwa nchi tupu ya kuwatenga watu, kwa kisingizio cha afya. Kule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, uwanja wa gofu wenyewe ulikuwa sehemu ya ukanda wa namna hiyo, pamoja na bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Mjini Nairobi, uwanja wa Royal Nairobi, wa klabu iliyoanzishwa mwaka 1906, umepakana na Kibera: upande huu majani mabichi, upande ule mabati yaliyobanana. Na huko Afrika Kusini alikuwako Papwa Sewgolum, mtu wa asili ya Kihindi, aliyeanza kwa kubeba fimbo za wengine. Mwaka 1963 aliwashinda Wazungu katika mashindano ya Natal. Kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kuingia katika jumba la klabu. Alipewa kikombe chake nje, mvua ikinyesha.

Sheria za rangi zimekwisha. Bei imebaki, na bei ni ukuta usiohitaji askari. Fimbo, viatu, ada ya klabu: baba wa Kampemba akilipa hayo, watoto wake hawatakula bukari.

Hata hivyo, si lazima iwe hivyo. Kule St Andrews, Scotland, mahali panapoheshimiwa kuliko pote katika mchezo huu, uwanja wa kale ni mali ya umma. Kwa desturi, siku ya Jumapili hufungwa kwa wachezaji. Wakaaji wa mji hutembea juu ya majani yale na watoto wao na mbwa wao, bila kuulizwa kadi. Tulipowaeleza watoto habari hiyo, hawakusadiki. Mmoja akauliza, “Hata maskini?” Tukamjibu, hata maskini.

Ndugu wasomaji, hatuiombi Kampemba uwanja wa matundu 18. Hatuna hekta hizo, wala hayo madumu 50,000. Twaomba kile kiwanja kimoja kilichosalia. Wazazi wenzetu, mwenye kamba akija, tusijifungie nyumbani na kusema kwamba ni shauri la wakubwa. Twende pamoja kwenye ofisi ya komini, tuulize hati iko wapi na nani ameitia sahihi. Tukichelewa, tutakuja kuwaonyesha wajukuu wetu ukuta, na kuwaambia kwamba hapo palikuwa pa kuchezea.

Watoto wameanza bila kutungoja. Tumepatana nao kwamba mvua za Novemba zitakapoanza, kila mmoja ataleta shina la majani ya kienyeji apande. Na yule aliyeuliza habari za bwana Golf amekwisha kufukia kopo la maziwa katika pembe ya kiwanja, akachonga fimbo ya mpera. Jana tulimkuta akimfundisha dada yake mdogo jinsi ya kutuliza kichwa wakati wa kupiga.