Namba 2.5 ya Kiwanda cha Rangi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa fundi wa maabara Dar es Salaam, nikamsaidia daktari mmoja kupima mikojo ya wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, Barabara ya Pugu. Rangi ilichanganywa kwa tolueni kwenye mapipa yaliyo wazi. Ikifika jioni vijana walishika vichwa, wengine wakayumba kama waliolewa.

Sheria yetu ya viwanda ilikuwa ya 1950. Kipimo tulikiazima kwa wataalamu wa Marekani wa ACGIH: mkojo wa mwisho wa zamu usizidi gramu 2.5 za asidi ya hipuriki kwa kila gramu ya kreatinini. Tolueni ikishavutwa, ini huigeuza kuwa asidi hiyo. Kreatinini husawazisha hesabu, maana aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi.

Daktari alinieleza namba ile ilikotoka, na maelezo yake sijayasahau. Wafanyakazi huvalishwa kifaa kifuani kinachonasa mvuke zamu nzima, kisha mikojo yao hupimwa. Ukiwapanga kwenye grafu, unapata mstari unaounganisha hewa na mkojo. Hapo unachukua kiwango cha hewa kilichoruhusiwa, wakati ule sehemu 100 kwa milioni, unafuata mstari mpaka upande wa mkojo. Basi. Haikuwa namba ya mahali ugonjwa unapoanzia. Ilikuwa ile namba ya hewa, imesomwa upande wa pili. Hewa ikiruhusiwa kupita kiasi, na mkojo nao huruhusiwa kupita kiasi.

Siku majibu yalipotoka, mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha kuchanganyia, alikuwa na hipuriki nyingi kuliko wachanganyaji kadhaa.

“Shikamoo mzee. Mchana umekula nini?” daktari alimwuliza.

“Marahaba, mwanangu. Mkate na soda. Soda mbili, jua kali.”

Soda nyingi hutiwa benzoeti ili zisiharibike, nayo mwilini huishia kuwa asidi ile ile ya hipuriki. Baadhi ya matunda pia huiongeza.

Meneja alipoona wengi wako chini ya 2.5 alitaka tuandike kwamba kiwanda ni salama. Daktari alikataa, na mpaka leo namheshimu kwa hilo: watu walikuwa wanaumwa vichwa chini ya kikomo. Aliandika mapipa yafunikwe na lifungwe feni la kufyonza mvuke. Vifuniko vilikuja. Feni sikuliona.

Baadaye wataalamu wenyewe walirudi nyuma. Kiwango cha hewa kilishushwa hadi 50, cha mkojo kikashuka hadi 1.6, mwaka 2007 hewa ikawa 20. Kwa hewa hiyo, hipuriki ya chakula huifunika kabisa ile ya tolueni, kwa hiyo ACGIH iliiacha. Sasa inatumia o-kresoli, zao jingine la tolueni, kwenye mkojo, au tolueni yenyewe kwenye damu na mkojo.

Tanzania ina wakala wa usalama kazini, OSHA, tangu 2001 na sheria mpya ya usalama kazini tangu 2003. Wanaowapima wachanganya rangi na wapiga rangi magari, nawaomba: msimwambie mtu yuko salama kwa jibu la hipuriki. Pimeni o-kresoli, pimeni na hewa anayovuta, na mkimkuta anaumwa kichwa, mwaminini yeye kabla ya karatasi.