Msanzi: Pale madigadi ya trekta inapogeuka kiti cha mtoto

MVUA za kwanza zikishalowesha udongo wa Ufipa, njia za mashambani za Msanzi hupata sauti mbili. Moja ni ya vijana wanaoswaga maksai. Nyingine ni ya trekta kuukuu, ambalo husikika muda mrefu kabla halijaonekana.

Msanzi iko wilayani Kalambo, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na ya watoto wanaovaa sweta Juni na Julai wakati wenzao wa Dar es Salaam wanavaa kaptula. Zamani Wafipa walilima kwa jembe la mkono, wakifukia majani ndani ya matuta ya mviringo ili yaoze na kuwa mbolea. Maksai walikuja baadaye, na trekta baadaye zaidi.

Kati ya matrekta yanayolima vijijini nchini, yapo yenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Massey Ferguson 135, kwa mfano, lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Injini ya trekta kama hilo ikitunzwa huendelea kunguruma miaka na miaka. Uzee huonekana kwingine, hasa kwenye madigadi, yale mabati mawili yaliyoinama juu ya matairi makubwa ya nyuma.

Fundi mzoefu akiitazama madigadi hujua trekta limeishije. Kutu huanzia chini, upande ambao jicho halifiki. Tope lililochanganyika na samadi hurushwa na tairi, hunasa kwenye kona za bati na kukaa humo msimu mzima likitunza unyevu. Mwenye trekta hupaka rangi juu, pakang'aa, huku chini bati limebaki jembamba kama karatasi.

Nyufa nazo hupenda kuzunguka matundu ya bolti. Njia ya shamba ni ya makorongo, na trekta la namna hii halina springi nyuma. Bolti moja ikilegea na kudondoka, zilizobaki hubeba mzigo wake, bati hutikisika, mwishowe hupasuka. Wapo wanaofunga waya na kuendelea na kazi.

Kisha kuna tairi lenyewe. Matrekta mengi ya zamani huruhusu rimu kugeuzwa ili magurudumu yapanuke au yasogeleane kulingana na mistari ya mazao. Yakisogezwa ndani kupita kiasi, au yakivalishwa tairi kubwa kuliko lililokusudiwa, mpira husugua bati hadi kulitoboa. Tela nalo likikatwa kona kali wakati wa kurudi nyuma huja kugonga madigadi. Visiki na nguzo za mageti humaliza kazi.

Lakini lipo bonde moja lisilotokana na tope, kisiki wala tela. Liko juu kabisa ya madigadi, karibu na bega la dereva. Ni bonde laini, rangi imekwisha, bati linang'aa kwa kusuguliwa na nguo. Hapo ndipo watu hukaa.

Hukaa msaidizi wa dereva. Hukaa mama mwenye mbegu mapajani. Na hukaa mtoto aliyetoka shule, kwa sababu shamba liko mbali na dereva ni jirani, tena mtu mwema. Hakuna anayedhani anafanya kosa. Kwa mtoto, hakuna kiti kizuri kuliko hicho kijiji kizima.

Ubaya ni kwamba madigadi iliundwa kuzuia tope, si kubeba mtu. Haina mkanda wala mahali pa kuegemea, na chini yake linazunguka tairi refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Gurudumu likitumbukia mtaroni, anayeteleza huangukia mbele ya tairi hilo au nyuma kwenye jembe. Dereva, aliyegeuza shingo kutazama mtaro anaoulima, na injini ikimpigia masikioni, anaweza asisikie hata ukelele.

Uzito wa watu ndio unaolegeza bolti na kuikunja madigadi kuelekea tairi. Madigadi iliyolegea nayo hungoja siku mtu amekaa juu yake ndipo iachie. Uharibifu na hatari vinalishana.

Massey Ferguson nyingi za enzi hizo ziliundwa Coventry, Uingereza. Huko, tangu kanuni za mwaka 1958, mtoto wa chini ya miaka 13 hakuruhusiwa kupanda trekta likiwa kazini.

Kwa mzazi, hata trekta lililosimama lina jambo lake. Mtoto akikatwa na bati lenye kutu, wengi huogopa kutu yenyewe. Kinacholeta pepopunda ni vijidudu vinavyoishi kwenye udongo na samadi, vitu ambavyo madigadi ya shamba imejaa. Kidonda kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya pamoja na kadi yake ya kliniki. Chanjo ya penta ya wiki ya 6, 10 na 14 inamkinga dhidi ya pepopunda, ila kinga hiyo hupungua miaka inavyopita, na mhudumu ndiye ataamua kama anahitaji sindano nyingine.

Aliyeanguka kutoka kwenye trekta au kuguswa na tairi apelekwe hospitali hata kama amesimama na anaongea. Damu inaweza kuvuja tumboni bila jeraha kuonekana nje.

Matengenezo yenyewe si ya gharama kubwa. Tope likwanguliwe jioni, kabla halijakauka. Bolti zikazwe kila wiki ya msimu, kila moja na washa pana. Bati lililopasuka lifunguliwe na kuchomelewa likiwa chini, baada ya kuwekewa kiraka kizito kwa ndani. Na pale juu palipong'aa, fundi afunge kisanduku cha spana, kipana vya kutosha, chenye mfuniko ulioinama kama paa, ili pasikalike tena.